Siku tatu kwa miguu Idjwi: wamama wanajifunza kuandika safari



Wamama kumi na wawili wa chama chetu wametembea siku tatu kwa miguu katika kisiwa cha Idjwi. Walitembea bila mzigo kichwani na bila mtoto mgongoni. Kila mmoja alikuwa na kaye moja ya kurasa 48, biki mbili, na mfuko wa plastiki wa kufunikia kaye mvua ikinyesha. Walikwenda kujifunza kazi moja: kutembea kwa macho wazi, kisha kuandika walichokiona ili mtu mwingine aweze kukiona pia.

Tangu warudi, tunaulizwa maswali sokoni, kwenye foleni ya maji na hata mlangoni mwa kanisa. Ni kweli walikwenda kutembea tu? Watoto waliachiwa nani? Na mama mwenye meza ya sambaza atafanya nini na safari iliyoandikwa? Maswali hayo ni ya haki. Pesa ya boti na ya chakula ilitoka katika sanduku la chama, na kila mwanachama anapaswa kujua imezaa nini. Sisi tuliowasindikiza tunajibu hapa.

Kuhusu watoto jibu ni fupi. Walibaki na mashangazi, na bibi zao, na majirani wa chama waliojipanga kwa zamu kama tunavyojipanga kwa likilimba. Leo wewe unanipikia, kesho mimi nitakupikia. Baba wawili walibaki na watoto wao wenyewe, na tunawapa aksanti. Maswali mengine mawili yanahitaji maneno zaidi.

Mama bila mzigo

Hapa Kivu hakuna anayetembea kuliko mama. Anakwenda shambani, anakwenda kuteka maji, anakwenda sokoni, anakwenda kumtazama mgonjwa, anakwenda matanga. Kama tungehesabu hatua za mwanamke mmoja tangu utoto wake mpaka leo, pengine angekuwa ameshafika Kinshasa na kurudi mara nyingi. Lakini karibu hatua zote hizo amezifanya akiwa amebeba kitu. Na mwenye kamba ya mzigo kipajini hatazami mlima. Anatazama vidole vya miguu vya yule anayemtangulia, maana akikosea jiwe moja ataanguka na gunia lake.

Ndiyo sababu watu wanashangaa wakimwona mama anatembea mikono mitupu. Wanadhani amepotea, au amekuwa mvivu. Mume mmoja alimwambia mke wake kabla ya safari: «Mlima uko palepale tangu tulipozaliwa, unakwenda kuuona wa nini?» Mke wake alimjibu: «Uko palepale, lakini sijawahi kusimama nikautazama.» Jibu hilo tuliliandika kwenye ubao siku ya kwanza ya mafunzo, likawa somo letu la kwanza.

Nani ameandika njia zetu?

Kabla ya kuondoka tulikutana mara mbili jioni, tukasoma na kuzungumza kuhusu watu walioandika safari katika nchi hizi. Wamama walitaka kujua kama kazi hii ni ya wazungu peke yao.

Wazungu wameandika mengi, ni kweli. Mjerumani von Götzen alipita katika eneo letu mwaka 1894, akaliona Ziwa Kivu na kupanda mlima Nyiragongo. Mwaka uliofuata kitabu chake kikatoka Ulaya, na watu wa kule wakasema ziwa limegunduliwa. Lakini ziwa lilikuwa na jina lake, wavuvi wake na wamama wake waliolishukia kila asubuhi kuteka maji. Tofauti ni kwamba yeye aliandika.

Hata hivyo Kiswahili nacho kina vitabu vya safari vyenye umri wa zaidi ya miaka 100. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na ndani yake kuna njia za Manyema, Kasongo na mto Kongo. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, chenye habari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Mmoja wao, Salim bin Abakari, alisafiri mpaka Urusi na Siberia, akaeleza baridi na watu wa kule kwa lugha hii hii tunayoitumia sokoni.

Mama mmoja alisikiliza yote hayo, kisha akauliza: «Katika msafara wa Tippu Tip, wanawake hawakuwapo?» Walikuwapo. Kulikuwa na wapishi, na wake za wapagazi, na wengine walikuwa wamefungwa kamba, wakipelekwa utumwani pamoja na pembe za ndovu. Walitembea njia ileile, kwa miguu iliyochoka zaidi. Lakini katika vitabu hivyo hakuna mmoja wao aliyeandika safari yake. Chumba kilinyamaza kidogo. Tangu hapo hatukuhitaji kumsukuma mtu ashike biki.

Tuliwasimulia pia habari za Mwingereza mmoja, Mary Kingsley, aliyetembea Gabon katika miaka ya 1890 akiongozwa na wenyeji wa kule. Kitabu chake kilitoka mwaka 1897. Siku moja alitumbukia katika shimo la kutegea wanyama, lenye miti iliyochongwa ncha, akapona kwa sababu alivaa sketi nene. Wamama walicheka sana kusikia sketi inasifiwa kitabuni. Walikubaliana kwamba kitenge kizuri nacho kingestahili mstari wake.

Kwa nini Idjwi

Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Kivu. Kiko katika jimbo la Kivu Kusini, nacho kina sheferi mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Upande mmoja unaona milima ya Kalehe, na upande mwingine unaona Rwanda. Uso wa ziwa lenyewe uko juu sana, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na vilima vya kisiwa vinapanda kupita mita 2,000. Kwa hiyo mtembeaji anapumua kweli, lakini hahitaji kamba wala vyombo vya kupandia mlima.

Tulichagua Idjwi pia kwa sababu wamama wengi wa chama wanakijua kwa mdomo tu. Wanakula mananasi yake, wanakunywa kahawa yake, wanawajua wauzaji wake, lakini hawajakanyaga udongo wake. Tuliwauliza kwanza wamama wa kule kuhusu usalama, tukapeleka karatasi ya ruhusa kwa wakubwa wa mahali, na tukaondoka baada ya kupata majibu. Ndani ya boti kila mama alivaa jile ya kuokoa maisha mpaka tulipogusa nchi kavu. Ziwa hili limezika watu wengi, na hatukutaka mzaha nalo.

Viongozi wetu wa njia walikuwa wenyeji wawili: mama mmoja mkulima wa kahawa, na kijana mmoja mvuvi. Mama alitembea mbele, kijana nyuma, na sheria ilikuwa kwamba hakuna anayempita mama wala kubaki nyuma ya kijana. Mwendo uliwekwa na mguu wa yule aliyekuwa mzito zaidi, na mwenye kuchoka hakuchekwa.

Siku ya tano: kuona

Tulitoka Bukavu asubuhi, na mchana tulianza kupanda. Baada ya saa moja mama kiongozi alisimama chini ya mparachichi mmoja mkubwa. Tuliwaambia wote wakae, wanyamaze dakika kumi, kisha waandike mistari mitano.

Mmoja aliandika hivi:

«Tumefika Idjwi. Kisiwa ni kizuri sana. Hewa ni nzuri. Watu ni wazuri. Tumefurahi sana.»

Hakuna uongo hapo. Lakini mtu anayesoma akiwa nyumbani haoni chochote. Maneno hayo yanafaa kwa Idjwi, kwa Lubumbashi na kwa harusi ya jirani. Basi tukaweka sheria: kwa siku tatu neno «nzuri» limefungwa. Anayelitaka aeleze kwanza amekiona nini, amekisikia nini, amenusa nini, ameonja nini, amegusa nini.

Mama huyohuyo, jioni, alisoma mistari hii:

«Njia ni nyekundu, na maji ya mvua yameila katikati. Tunatembea mguu mmoja huku na mwingine kule, kama kuku anayevuka mfereji. Kushoto kuna mikahawa. Kulia ziwa liko chini sana, na mtumbwi unaonekana mdogo kama ganda la karanga. Mbali kuna mtu anapasua kuni. Tunaona shoka linashuka kimya, kisha ndipo tunasikia: pa!»

Wote walipiga makofi. Watu waliosoma fizikia watakuambia kwamba sauti inatembea polepole kuliko mwanga. Yule mama hakusoma fizikia. Alitazama shoka, basi, akasubiri sauti.

Usiku tulilala kwa wamama wa kikundi kimoja cha kijijini. Kutoka uani tuliona taa za wavuvi wa sambaza juu ya ziwa, nyingi kama mji mwingine. Kijana wetu mvuvi alitueleza kwamba samaki hao hawakuwa wa ziwa hili zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mama mmoja ambaye anauza sambaza kwa miaka kumi na mitano alishika kichwa: «Kumbe hata sambaza alikuja kwa safari!» Aliandika sentensi hiyo juu kabisa ya ukurasa wake, ikawa kichwa cha habari yake.

Siku ya posho: kuuliza

Siku ya pili ilikuwa ndefu kuliko zote. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukapita kati ya migomba na mashamba ya mananasi, tukakutana na wamama wanaoshuka bandarini. Somo la siku hiyo lilikuwa kuuliza majina. Mti huu unaitwaje kwa Kihavu? Kilima hiki je? Nani alilima hapa kabla yenu? Njia hii inatumia muda gani ukiwa na mzigo, na muda gani bila mzigo?

Tuliwakumbusha kwamba wazee wa Idjwi walishawahi kuulizwa maswali hayo na majibu yao yakawa kitabu. Mmarekani mmoja mwanahistoria, David Newbury, alikaa kisiwani akisikiliza masimulizi ya wazee kuhusu wafalme na koo. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1991, na leo wanafunzi wa vyuo vikuu wanakisoma. Kazi ya kuandika safari inategemea sikio kama inavyotegemea mguu.

Swali la mzigo ndilo lililofungua midomo. Mama mmoja wa kisiwa aliweka kapu lake la mananasi chini, akamwambia mmoja wetu alijaribu. Wawili walisaidiana kulipandisha. Aliyelibeba alihesabu hatua kwa sauti, akafika hamsini na tatu, akaomba lishushwe. Mwenye kapu alicheka, akalipandisha tena na kuendelea na njia yake. Jioni ile kaye tano kati ya kumi na mbili zilikuwa na habari ya kapu hilo. Kila moja ilikuwa tofauti. Mmoja aliandika juu ya shingo ya yule mama. Mwingine aliandika juu ya bei. Alikuwa amejua bei ya nanasi moja pale juu ya kilima na anajua bei yake Bukavu, akajiuliza kwa maandishi tofauti hiyo inalala mfukoni mwa nani. Ukurasa huo tutausoma katika mkutano wa wauzaji wa chama, maana unastahili mazungumzo marefu.

Ilikuwa siku hiyohiyo tulipojifunza somo lililo gumu zaidi. Kisimani tulikutana na mama mmoja, tukapumzika naye. Alipoona tunaandika, alituuliza tunaandika nini, kisha mwenyewe akaanza kusimulia habari ya mtoto wake na ziwa. Alisimulia mpaka mwisho. Wawili wetu walikuwa wameandika kila neno. Alipomaliza, tulimwuliza kama tunaweza kuipeleka habari yake gazetini. Alifikiri, akasema: «Nimewaambia ninyi kwa sababu mmekaa. Wengine hawakukaa.»

Kurasa hizo mbili zilitolewa katika kaye, akakabidhiwa yeye mwenyewe. Habari yake haimo hapa, na haitakuwamo. Tunaandika jambo hili kwa sababu vikundi vingi vinapokea wageni wenye kamera na kalamu, wanaochukua machozi ya wamama na kuondoka nayo. Nasi tukianza kuandika, tutakuwa na kalamu ileile mkononi. Kuuliza ruhusa kabla ya kuandika, na kuuliza tena kabla ya kuchapa, ni sehemu ya kazi. Na mtu akikataa, biki inarudi mfukoni.

Siku ya Mungu: kusoma mbele ya wenyeji

Siku ya tatu, baada ya ibada, tulikaa uani kwa wenyeji wetu. Kila mama alisoma ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya watu aliowaandika. Huu ndio mtihani mkubwa kuliko wa serikali. Mwandishi akikosea jina la kilima, watoto wadogo wanamsahihisha. Akiongeza chumvi, wazee wanakohoa.

Mmoja wa wadada wetu wa mjini alisoma: «Watu wa hapa ni maskini. Hawana umeme, hawana barabara ya magari.» Mama mwenye nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole: «Dada, umeandika tusichokuwa nacho. Jana usiku ulikula nini?»

Jana usiku tulikula bugali, sambaza wa kukaanga, maharagi, lenga-lenga, na mananasi mpaka tumbo likakataa. Uani palikuwa kimya, kisha watu wote walicheka, na dada naye akacheka. Alichukua biki, hakufuta sentensi yake ya kwanza, maana umeme haupo na barabara ni shida kweli. Lakini aliongeza chini yake chakula chote, jina kwa jina, na mkono wa nani ulikiandaa. Alipoisoma tena, mama mwenye nyumba alisema: «Sasa tupo.»

Hakuna mwalimu wa kuandika aliyewahi kutupa funzo kama hilo kwa maneno mawili. Mwandishi wa safari anayehesabu tu vilivyokosekana hajafika bado mahali alipokwenda.

Kilichorudi nyumbani

Sasa tunafika kwenye swali la mwisho: inamfaa nini mama?

Kati ya wale kumi na wawili, mmoja hakumaliza hata darasa la pili. Jina lake anaweza kuliandika, lakini si zaidi. Alitaka kujiondoa. Tulimwomba aje na binti yake wa miaka 16, mama aseme na binti aandike. Hilo nalo si jambo geni: vitabu vingi duniani vimesemwa na mmoja na kuandikwa na mwingine. Basi kila jioni walikaa pembeni, wawili na tochi moja ya simu. Mama alisema njia, binti aliiandika.

Jioni ya pili mama alikuwa anaeleza mteremko mmoja wenye utelezi, namna alivyoshika majani ili asianguke. Kisha, bila kupumzika, akasema: «Kama siku ile nilipombeba mjomba wako.» Binti akauliza, siku ipi? Mama akamweleza. Ilikuwa mwezi wa 10 mwaka 1996, vita ilipoingia Bukavu. Alikuwa na miaka tisa. Alitembea siku nyingi na mdogo wake mgongoni, kwa sababu mikono ya mama yao ilikuwa imejaa.

Binti alikuwa amekaa na mama yake miaka 16 na hakuwahi kusikia hata neno moja la habari hiyo. Alijua mama yake anaogopa mvua ya usiku. Hakujua kwa nini. Waliandika mpaka tochi ikazimika. Mama ametupa ruhusa ya kuchapa haya tuliyoyaandika hapo juu na sentensi moja kutoka kaye yao. Mengine ni ya nyumba yao. Sentensi yenyewe ni hii:

«Miguu yangu ilijua njia kabla sijajua kusoma, sasa mtoto wangu anaisoma miguu yangu.»

Tangu warudi, binti huyo amenunua kaye nyingine kwa pesa yake mwenyewe. Anamwandika bibi yake.

Wamama wapendwa, tunapozika mzee, tunalia kwamba maktaba imefungwa, kisha tunarudi nyumbani na kuwaacha wazee waliobaki bila kuwauliza neno. Watoto wetu wanajua njia za watu wa mbali kupitia simu. Njia ya bibi yao kutoka kijijini mpaka mjini hawaijui. Hapo ndipo kaye ya franka chache inapopata bei yake. Na kuna faida nyingine ya kila siku. Mama aliyezoea kuandika alichokiona, kwa tarehe, kwa jina na kwa bei, hatababaishwa kirahisi na mnunuzi wala na mwenye ofisi. Atafungua kaye na kusema: tulikubaliana hivi, siku hii, mbele ya fulani.

Kama kikundi chenu kinataka kufanya hivyo

Si lazima mwende Idjwi. Kilima kilicho nyuma ya mtaa wenu kinatosha, na hata njia ya kwenda sokoni. Haya ndiyo yaliyotusaidia:

1. Ulizeni usalama kwa watu wanaoishi mahali penyewe, si kwa wanaosikia tu. Mahali penye mashaka, ahirisheni. Tembeeni mchana, wote pamoja, na familia zijue njia na saa ya kurudi.

2. Tafuteni kiongozi mwenyeji, mwanamke kama inawezekana, na mlipeni. Kujua njia ni kazi kama kazi nyingine.

3. Msizidi kumi na watano. Aliye polepole atembee karibu na kiongozi wa mbele.

4. Kila mtu awe na maji, kiatu kilichokwisha zoea mguu, kitenge cha ziada, dawa zake, na chakula kikavu. Kaye na biki ziwekwe pasipofikiwa na mvua.

5. Kila saa moja simameni dakika kumi. Andikeni kidogo palepale, maana jioni mtu anakumbuka uchovu tu. Usiku unganisheni mliyoyaandika mchana.

6. Fungeni neno «nzuri». Andikeni rangi, sauti, harufu, bei, jina.

7. Asiyejua kuandika aseme, na anayejua aandike bila kumgeuzia maneno.

8. Ombeni ruhusa mara mbili: mkitaka kuandika, na mkitaka kuchapa au kusoma hadharani.

9. Kabla ya kuondoka, someni mbele ya mliowaandika. Pokeeni masahihisho kwa mikono miwili.

Kazi ya wiki hii

Kwa kila msomaji tunatoa kazi ndogo. Chagua njia moja unayoipita kila siku: ya kisimani, ya shambani, ya masomo ya watoto. Ipite mara moja bila mzigo, hata kama ni mapema kabla wengine hawajaamka. Kisha andika mistari kumi, au mwambie mtoto wako aandike unaposema. Weka ndani jina la mtu mmoja uliyekutana naye, baada ya kumwomba ruhusa, na kitu kimoja ambacho hukuwahi kukiona katika njia hiyo miaka yote.

Leteni mistari hiyo kwenye mkutano wa siku ya posho, saa nane mchana. Tutasoma kwa zamu, na kaye mpya zitakuwa mezani kwa wale ambao bado hawana.